Mtamba Anapoikataa Roboti ya Kukamua: Dalili, Chanzo na Hatua za Kuchukua

Roboti ya kukamua haimfuati ng'ombe. Ng'ombe ndiye anayeifuata, mara mbili hadi tatu kwa siku, kwa miguu yake mwenyewe, akivutwa na chakula kilichomo kwenye kihori cha kizimba. Ng'ombe aliyezoea hufanya hivyo bila kusukumwa. Mtamba bado hajui lolote. Ndani ya wiki moja anazaa kwa mara ya kwanza, kiwele kinavimba na kuuma, anaingizwa kwenye kundi la ng'ombe wakubwa wanaomsukuma, halafu anatakiwa aingie peke yake kwenye kizimba cha chuma ambamo mkono wa mashine unapita chini ya tumbo lake.

Matatizo mengi yanayoonekana siku ya tatu baada ya kuzaa yalianza wiki nne kabla ya kuzaa. Kwa hiyo karibu kila dalili hapa chini ina majibu mawili: la kumsaidia mtamba aliye mbele yako leo, na la kuwaokoa wenzake watakaozaa mwezi ujao. Anayeshughulikia la kwanza tu ataswaga ng'ombe kila siku bila kumaliza.

Kwanza jua tatizo ni la nani

Kabla ya kumgusa mnyama, fungua skrini usome orodha ya saa 24 zilizopita. Angalia mambo matatu: muda tangu kila ng'ombe akamuliwe, majaribio yaliyoshindikana, na chakula cha robotini ambacho hakikuliwa. Kisha jiulize, wanaoshindikana ni akina nani?

Wakiwa ng'ombe wa kila umri, mitamba hawana kosa. Futa lenzi ya kamera au leza kwa kitambaa laini chenye unyevu. Utando mwembamba tu wa maziwa au samadi unatosha kuipofusha, na unapaswa kuondolewa mara mbili hadi tatu kila siku. Kagua mipira ya ndani ya vikombe, mabomba yaliyojikunja, na kama chakula kweli kinashuka kwenye kihori. Njia ya chakula ikiziba, skrini inaweza kuendelea kuandika kilo zilizotolewa ilhali kihori kikavu, na kundi zima litasusa kabla ya siku kuisha. Dawa ni kupima kwa mkono: weka ndoo chini ya mdomo wa chakula, agiza kilo 1, kisha weka kwenye mizani. Rudia kila unapopokea shehena mpya, kwa sababu tembe (vipande vya chakula kilichoshindiliwa) za ukubwa au uzito tofauti hubadilisha kipimo.

Wakiwa mitamba peke yao, chanzo kiko kwenye maandalizi, mipangilio ya mashine kwa wanyama wadogo, au msongamano. Akiwa mmoja tu, ni mwili wake: mguu, chuchu, kiwele, homa au umbo.

Mtamba mmoja anaweza kuonyesha dalili tatu kwa mpigo. Anza na ile inayotangulia katika mfuatano huu: kuja, kuingia, kushikwa na vikombe, kuachia maziwa, kutulia, kurudi tena. Na katika kila hatua tafuta maumivu kabla ya kufikiria woga. Vyote viwili humfanya arudi nyuma na kutikisa mkia, lakini mazoezi humwondolea mtamba woga. Juu ya maumivu, mazoezi yale yale humfundisha kuichukia roboti.

Haji kabisa

Mtazame akitembea kwenye sakafu kavu, hatua kumi hivi. Mgongo uliopinda anapotembea, kichwa kinachoinama kila mguu mmoja unapokanyaga, au hatua fupi za nyuma, vinatosha kuwa jibu. Ng'ombe anayechechemea hula kilicho karibu, hulala sana na huiepuka safari ya robotini. Inua mguu uangalie kidonda cha ngozi kati ya visigino, kidonda cha unyayo na ukwato uliorefuka. Mitamba wengi hutoka kwenye boma la udongo au matandiko laini wakaingia kwenye zege ghafla wiki ile ile ya kuzaa, na nyayo hulika kabla hazijakomaa. Kwa wajao, wazoeshe zege walau wiki nne hadi nane mapema, na kukata kwato kufanyike wiki sita hadi nane kabla ya kuzaa, si wiki ya mwisho.

Miguu ikiwa mizima, angalia hori kuu, lile la bandani wanakolia wote nje ya roboti. Mchanganyiko wa hapo ukiwa na wanga mwingi kupita kiasi, mtamba hushiba na haoni sababu ya kwenda kokote. Mchanganyiko wa hori kuu hupangwa uwe chini ya mahitaji ya wastani wa kundi, kwa kawaida utoshe maziwa yaliyo pungufu ya wastani huo kwa kilo 5 hadi 7, na kinachobaki kitolewe robotini. Ukiona ng'ombe wakubwa nao wamepunguza ziara tangu saileji (majani yaliyovundikwa) mpya ifunguliwe, usitafute zaidi. Saileji hiyo ina nguvu kuliko ya awali na hesabu inabidi irekebishwe.

Halafu zijaribu tembe zenyewe. Chota kiganja, sugua. Zikivunjika na kuacha vumbi, ndivyo zinavyofika kinywani: mtamba hula mara mbili, vumbi linamwingia puani, anaondoka. Zinatakiwa ziwe ngumu, zenye harufu nzuri, zisizobadilika kila wiki. Aliyewahi kuzionja kabla ya kuzaa atazifuata. Asiyezijua haoni tofauti kati ya kihori hicho na chuma kingine chochote.

Kuna pia sababu ya ofisini ambayo hupoteza siku nzima bure: mtamba amezaa usiku, hakuna aliyeandika tarehe ya kuzaa kwenye programu, na kwa mashine yeye bado ni mwenye mimba. Anaingia, anatolewa bila chakula wala kukamuliwa. Akifukuzwa hivyo mara tatu, hatakuja ya nne. Hakikisha namba ya mkanda wa shingoni inalingana na namba ya sikioni, na tarehe imeingizwa siku ile ile.

Anakuja mpaka uwanjani lakini haingii

Huyu nia anayo. Kinachomzuia kipo kati yake na mlango, na mara nyingi ni ng'ombe mwenzake. Simama mbali, ambapo hawatakuona, kwa nusu saa. Utamwona mkubwa mmoja amejipanga karibu na mlango wa kutokea, akichungulia mabaki ya chakula, na mtamba akisogea anampiga pembe hewani tu, hiyo inatosha. Ukisoma saa za ziara zake utakuta anakuja kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku, wakubwa wakiwa wamelala.

Nafasi mbele ya roboti inatakiwa iwe na kina cha mita 6 walau, isiwe na kona ya kumbana mnyonge wala kuwa njia kuu ya kwenda majini. Roboti isizidiwe pia. Kizimba kimoja kwa kawaida huhudumia ng'ombe 50 hadi 65, na muda wake usio na kazi ukishuka chini ya asilimia 10 ya siku, wanaokosa zamu ni wanyonge. Hapo kumfundisha mtamba mmoja mmoja hakusaidii. Punguza idadi, au ongeza muda ambao mashine husubiri kabla ya kuwaruhusu tena ng'ombe walio mwishoni mwa kipindi cha kukamuliwa ili wasije kuchezea foleni. Waingize mitamba kundini wawili wawili au watatu watatu wanaofahamiana, jioni kundi likiwa limetulia.

Kagua na mlango wenyewe. Sakafu inayoteleza hatua mbili kabla ya kizimba, giza la ndani baada ya mwanga wa nje, lango linalobamiza kwa kishindo, hewa iliyobanwa ikifyatuka kwa mlio: kila kimoja kinatosha. Mwanga uwe sawa ndani na nje, takriban luksi 150 hadi 200 mchana. Mtamba akifika, akanusa chuma kisha akaruka nyuma, au akinywa maji kwa kulamba badala ya kuzamisha mdomo, fikiria umeme unaovuja. Fundi apime kwa mita kati ya chuma cha kizimba na sakafu yenye unyevu mashine ikiwa inafanya kazi, pampu ikiwaka na ikizima. Ikifika volti 1, ni tatizo lisilosubiri kesho, na chini ya hapo bado inafaa kutafuta waya wa ardhi uliolegea.

Unapomwingiza kwa mkono, uwe mtu mmoja au wawili, kimya, bila fimbo. Simama nyuma ya bega lake, songa mpaka asogee, kisha simama na wewe. Usimvute kwa kamba shingoni. Akishaingia, mlango ufungwe taratibu na chakula kianze kushuka papo hapo. Gramu 200 za mwanzo ndizo zinazomwambia kwamba mahali hapa pana faida. Kisha ondoka machoni pake. Mtamba anayefarijiwa na mtu ndani ya kizimba kila mara hujifunza kumsubiri mtu.

Ameingia, vikombe havishiki

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa sababu mambo matano au sita tofauti yote huandikwa kwenye skrini kwa maneno yale yale: "imeshindikana". Usikubali neno hilo kama jibu. Simama pembeni uangalie mkono unakosea wapi.

Mkono ukienda mahali sahihi na chuchu haipo pale, kumbukumbu ni ya zamani. Kwa mashine nyingi, mkamuo wa kwanza huhitaji mtu aelekeze mkono mpaka chuchu nne, na mashine huhifadhi mahali zilipo. Lakini kiwele cha siku ya kwanza si kiwele cha siku ya tano. Uvimbe wa maji ukipungua, chuchu zilizokuwa zimetazama nje zinarudi kutazama chini, na sakafu ya kiwele inapanda. Futa kumbukumbu na uelekeze upya siku ya tatu, na tena uvimbe ukiisha. Hatua hii husahauliwa mno, na mtamba mzima hubandikwa jina la mkaidi.

Mkono ukisitasita na kurudi nyuma bila kuchagua, mashine haioni vizuri. Nywele ndefu za kiwele zilizoshikana na samadi hufanana na chuchu machoni pake. Mkia wenye kichala kirefu hupita mbele ya kamera. Jua la asubuhi au jioni likiingia moja kwa moja kizimbani huiharibu picha. Kama kushindwa hutokea saa zile zile kila siku, weka kizuizi cha jua kabla ya kuita fundi. Nywele hukatwa kwa mashine ya kunyolea wiki mbili hadi tatu kabla ya kuzaa. Kuna wanaotumia moto baridi wa njano unaopitishwa haraka chini ya kiwele kikavu. Ni njia nzuri kwa mtu aliyefundishwa, ila kwa mtamba anayeogopa kila kitu, ninapendelea mashine ya kunyolea. Kichala cha mkia kikatwe pia.

Mkono ukishika chuchu za mbele na kukwama za nyuma, piga magoti uangalie kwa nyuma. Chuchu za nyuma zikigusana au kupishana, kamera huziona kama moja. Wakati mwingine ni kwa sababu kiwele hakijajaa: mtamba aliyekamuliwa saa nne tu zilizopita kiwele chake kimelegea na chuchu zimekaribiana. Mwongezee muda wa ruhusa hadi saa 7 au 8, kijae na zitengane. Ikiwa ni kinyume, yaani kiwele kimevimba hata chuchu zimezama na kubaki fupi, mkamue kwa karibu zaidi na umsaidie mkono mpaka uvimbe upungue.

Chuchu ya tano, ile ndogo ya ziada, huipoteza mashine kabisa. Inatakiwa iondolewe na daktari wa mifugo ndama akiwa bado mdogo. Na robo ya kiwele isiyotoa maziwa lazima iandikwe kwenye programu, la sivyo roboti itaitafuta kila ziara mpaka mtamba achoke na kupiga teke.

Mwisho ni jinsi anavyosimama. Mtamba mdogo ndani ya kizimba kilichopangwa kwa ng'ombe mkubwa husogea mbele na nyuma, hujipinda upande, au hubana miguu ya nyuma hadi kiwele hakifikiki. Sogeza kihori nyuma ili ajaze nafasi, ikiwa mashine inaruhusu kurekebisha kwa kila mnyama. Anayebana miguu hulegea akila, kwa hiyo hakikisha chakula kinaendelea kushuka muda wote mkono unapofanya kazi. Mlo ukiisha dakika ya tatu na mkamuo ni wa dakika saba, dakika nne zilizobaki atazitumia kuhangaika. Ng'ombe wengi hula gramu 250 hadi 400 kwa dakika. Mkamuo wa dakika saba basi unahitaji karibu kilo 2, zikitolewa kidogo kidogo.

Jambo moja la haraka kuhusu jaribio lililoshindikana: mashine humruhusu mtamba arudi wakati wowote, lakini yeye ameshakula na hana haja ya kurudi. Kiwele kikiachwa kimejaa saa 12 kinauma, maziwa yanavuja kwenye matandiko, na vijidudu hupata njia. Kila kushindwa kwa mtamba aliyezaa chini ya siku 14 kufuatiliwe ndani ya saa mbili.

Vikombe vimeshika, maziwa hayatoki

Sehemu kubwa ya maziwa iko juu, kwenye vifuko vidogo vya tezi. Kilicho tayari karibu na chuchu ni chini ya asilimia 20, na kwa mtamba ni kidogo zaidi. Yaliyo juu hushushwa na homoni ya oksitosini, ambayo hutolewa na ubongo chuchu zinapoguswa, na huchukua dakika moja hadi mbili kufanya kazi. Mtamba aliyeshtuka haitoi ya kutosha, na adrenalini huizuia hata ile iliyotoka. Kwa hiyo dalili ni hii: maziwa kidogo sekunde za mwanzo, kisha hakuna, vikombe vinaachia, kiwele bado kigumu. Wafugaji husema anabana maziwa.

Usiongeze nguvu ya mvuto wa hewa. Ibaki kilopaskali 42 hadi 46, au kiwango cha mtengenezaji, kwa sababu mvuto mkali kwenye chuchu isiyotoa maziwa humuumiza na kesho atabana zaidi. Rekebisha haya: muda wa kuandaa chuchu kabla ya kukamua uongezwe hadi sekunde 60 au zaidi, muda wa kusubiri kabla kikombe hakijaachia kwa mtiririko mdogo uongezwe kwa mitamba peke yao, kelele ziondolewe. Mnyama huyo akamuliwe saa zile zile kwa siku tatu au nne. Kumsugua kiwele kwa mkono kwa dakika moja ukiwa umetulia husaidia kuliko mengi. Sindano ya oksitosini ni uamuzi wa daktari wa mifugo na ni ya siku chache tu. Ikizoeleka, mtamba hushindwa kushusha bila hiyo.

Maziwa yakitoka kwenye robo tatu za kiwele na moja ikagoma, hapo si woga. Kamua kwa mkono, angalia mabonge, damu au maji. Damu kidogo kwa uvimbe mkubwa hutokea na huisha ndani ya siku chache. Mabonge, robo yenye joto na ugumu ni ugonjwa wa kiwele, na mitamba huweza kuzaa wakiwa nao tayari, hasa pale nzi wanapowauma chuchu au ndama wenzao walipowanyonya. Kumbuka kwamba kipimo cha CMT (cha kutambua ugonjwa wa kiwele kwa kuchanganya maziwa na dawa) huonyesha majibu ya uongo siku tatu au nne za mwanzo, na dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, nayo hupandisha kipimo cha mashine cha jinsi maziwa yanavyopitisha umeme, ambacho hutumika kuashiria ugonjwa huo. Usitibu kwa kengele ya skrini peke yake. Tazama maziwa, shika kiwele, kisha amua.

Anapiga mateke na kuangusha vikombe

Teke lina saa yake, na saa hiyo ndiyo inayotaja chanzo.

Anapiga mara tu mkono unapomgusa tumbo au mguu: hajazoea kuguswa. Mguse kwa mkono kila siku kwenye nyonga, tumbo na kiwele, au mrudishe kwenye ziara za chakula tupu ambamo mkono unasogea bila kuunganisha, ikiwa bado hajazaa. Kwa aliyekwisha kuzaa hakuna nafasi ya kuacha kukamua. Punguza mwendo wa mkono kama mashine inaruhusu, na umpe siku tano.

Anapiga wakati brashi au maji yanapopita kwenye chuchu: tafuta ngozi iliyopasuka, jeraha la kupe, chuchu iliyokanyagwa. Paka mafuta ya kulainisha baada ya kukamua na uangalie kama dawa ya kupulizia ina glisirini au kilainishi kingine, kwa kuwa dawa kali bila kilainishi hukausha ngozi ndani ya wiki. Maji baridi sana nayo humshtua.

Anapiga wakati kikombe kinaposhika: uvimbe wa kiwele unauma, au mpira wa ndani umechakaa. Bonyeza kiwele kwa kidole. Shimo likibaki kwa sekunde kadhaa ni uvimbe wa maji. Mkamue mara tatu hadi nne kwa siku, mtembeze, na muulize daktari wa mifugo kuhusu dawa ya maumivu. Kwa wajao, punguza chumvi na potasiamu kwenye chakula cha wiki tatu za mwisho kabla ya kuzaa na usiwaache wanenepe: hali ya mwili ya 3 hadi 3.5 kwenye kipimo cha 1 hadi 5 inatosha. Ama mipira, ya kawaida hubadilishwa kila mikamuo 2,500 au kadiri mtengenezaji anavyosema, na kizimba kinachokamua mara 160 kwa siku hufika hapo kwa siku 15 hadi 16, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ya silikoni hudumu zaidi. Ingiza kidole ndani: ukisikia mikunjo au nyufa, usingoje tarehe.

Anapiga mwishoni: amekamuliwa kupita kiasi kwenye robo zilizokwisha, au chakula kimeisha. Angalia ncha za chuchu mara baada ya mkamuo. Zikiwa za buluu au zimebanwa kwa pete juu, kikombe kinakaa mno.

Kumfunga miguu kwa kamba ndani ya roboti usifanye. Akianguka hana pa kutokea, na mkono wa mashine uko chini yake. Mtu naye asiingize mkono kizimbani kabla ya kusimamisha mkono wa roboti kwa kitufe.

Alianza vizuri, sasa amepunguza ziara

Kushuka ghafla kwa ziara katika wiki tatu za kwanza ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi hutangulia dalili unazoziona kwa macho. Pima joto: zaidi ya nyuzi 39.5 pamoja na uchafu wenye harufu kutoka ukeni ni maambukizi ya kizazi. Pima ketoni kwenye damu: milimoli 1.2 kwa lita au zaidi ni ketosisi iliyojificha, yaani mwili unayeyusha mafuta yake kwa kukosa nguvu ya kutosha, bila dalili za wazi. Mkanda wa shingoni ukionyesha kucheua kumeshuka na upande wa kushoto wa mbavu ukitoa mlio wa kengele unapopigwa kidole, tumbo la nne limehama. Mwite daktari siku hiyo hiyo.

Akiwa mzima, angalia kama mnamwendea kupita kiasi. Wiki ya kwanza mtamba apelekwe kila saa 8 hivi. Kuanzia wiki ya pili apelekwe tu aliyepitisha saa 12. Anayeletwa kila asubuhi na jioni kwa saa maalumu atalala akisubiri kuletwa. Wengi huanza kuja wenyewe ndani ya wiki mbili. Wachache huchukua mwezi.

Wiki nne kabla ya kuzaa

Mitamba wanaotarajiwa kuzaa wahamishiwe karibu na roboti, wavishwe mikanda, na waingizwe kwenye programu kwa mpangilio wa kula bila kukamuliwa. Ziara za mwanzo, milango yote miwili iachwe wazi wapite tu. Siku zinazofuata lango la mbele lifungwe, wapewe nusu kilo ya tembe, mara mbili kwa siku, kisha watolewe. Wiki ya pili mkono usogezwe bila kugusa. Wiki ya tatu brashi au dawa ya kupulizia ipite kwenye chuchu. Tembe hizo zihesabiwe ndani ya mgao wao wa siku, zisiongezwe juu yake.

Usikamue kabla ya kuzaa ili kuzoesha. Dang'a inayopotea ni ya ndama.

Akishazaa, akamuliwe ndani ya saa 6, maziwa yaelekezwe kwenye ndoo ya dang'a, na mtu awepo kuelekeza mkono. Tembe zianze kilo 3 hadi 4 kwa siku, zikiongezwa polepole mpaka kiwango chake, bila kupita kilo 2 kwa ziara.

Ambaye umbo lake limegoma

Ikifika wiki ya nane, uvimbe umeisha, miguu mizima, kumbukumbu ya mkono imerudiwa, na bado zaidi ya jaribio moja katika kila manne linashindikana, chunguza umbo. Kiwele ambacho nyuma kimeshuka chini kuliko mbele, chuchu za nyuma zinazopishana hata kikijaa, au chuchu fupi ambazo kikombe hakipati pa kushika, havirekebishiki kwa mazoezi. Mpeleke kwenye ukamuaji wa kawaida kama upo, au mwuze kwa anayekamua kwa njia hiyo, kwa sababu anachukua muda wa roboti ambao mitamba wengine wawili wangeutumia. Unapochagua mbegu ya kupandishia, soma kwenye karatasi ya dume alama za nafasi ya chuchu za nyuma na urefu wa chuchu kabla ya alama za wingi wa maziwa, na uliepuke dume ambalo mabinti wake wana chuchu za nyuma zilizokaribiana, kwa kuwa binti wa mbegu hiyo atafika robotini baada ya karibu miaka mitatu.